Shingo ya Mugeni

Jumatatu, 11 Machi 1991

Valens ameondoka kwenda kazini na nyumba nzima imepoa. Nimeamua kuandika, kwa sababu mapenzi haya yakikaa kifuani bila kutoka yatanipasua, na humu ndani hakuna wa kumsimulia ila Shangazi.

Mimi Winifred, niliyekuwa nikigawa funguo mapokezi katika nyumba ya wageni ya misheni Mwanza, leo ni mke wa fundi wa maabara wa Kigali. Alikuja Mwanza kwa mafunzo. Nilimpa ufunguo, akanishukuru kana kwamba nimempa nyumba yenyewe. Tulifunga ndoa kwetu Tabora kabla ya Kwaresima, kisha akanileta hapa Nyakabanda, kwenye nyumba ya shangazi yake aliyemlea, Mukarugwiza.

Desturi yao ni kwamba mke mpya hatoki nje, hapiki, hafagii, mpaka ndugu zake waje na zawadi na afunuliwe mbele ya watu. Siku hiyo wanaiita gutwikurura. Yangu itakuwa tarehe ishirini na saba Aprili, Mama na Mjomba Maneno wakifika kutoka Tabora. Baada ya hapo nitakuwa mke wa nyumba hii kwelikweli. Kabla ya hapo ni kama mzigo uliopokelewa na haujafunguliwa.

Nakaa ndani, mvua inapiga bati, na kila asubuhi Shangazi ananipaka mafuta ya ng'ombe yaliyotiwa manukato, kuanzia shingoni hadi vidoleni. Ngozi yangu inang'aa kama sahani ya harusi. Valens akirudi, kabla hajavua hata viatu, anaweka pua yake hapa chini ya sikio langu la kushoto, anavuta pumzi ndefu, anasema, "Sasa nimefika."

Ningeweza kuandika sentensi hiyo mpaka daftari liishe.

Jumanne, 12 Machi

Mvua. Mafuta. Valens. Sasa amefika.

Ijumaa, 15 Machi

Nimechoka kuitwa mgeni. Tangu nifike Shangazi hajatamka jina langu hata mara moja. "Mugeni iko wapi? Mugeni anakurya? Mugeni aache kukaa karibu na dirisha." Mwezi mzima mtu yumo nyumbani mwako, umempaka mafuta kila mahali, bado ni mgeni?

Leo nimemlalamikia Valens mpaka machozi. Akacheka. Nikamwambia acheke vizuri, maana huenda nisimwone tena akicheka. Ndipo akaeleza kwamba kwa Kinyarwanda umugeni ni bibi arusi. Shangazi amekuwa akiniita bibi arusi siku zote hizi.

Aurore, wifi yangu, anayesoma sekondari na kusikiliza kila kitu ukutani, akaingiza kichwa mlangoni. "Wifi, na wewe ulidhani anakufukuza kila siku asubuhi na bado unavua nguo akupake?"

Nimempenda Valens zaidi kwa kuwa hakumgombeza dada yake. Ana moyo mwepesi. Mvua za msimu huu zimempa mafua, na pembeni ya tundu la pua ana kipele kidogo kisichopona, na hata hicho kipele nakipenda.

Jumanne, 19 Machi

Kuna kiupele shingoni, chini ya sikio la kushoto. Joto tu.

Alhamisi, 21 Machi

Si joto. Ni jipu, jekundu, gumu, lina kichwa cheupe na linapiga kama moyo wa pili. Siwezi kugeuza shingo. Valens aliporudi nikamgeuzia upande wa kulia. Akakataa katakata, akasema makazi yake ni kushoto, akagusa kwa pua taratibu sana, pembeni mwa jipu. Nani mwingine ameolewa na mwanamume wa namna hii?

Shangazi alitazama, akasema, "Mm." Kisha akanipaka mafuta juu yake.

Jumapili, 24 Machi

Matawi. Wenzangu wako kanisani. Mimi nina jipu la pili begani.

Sasa niandike jambo nililokuwa nikilinyamazia kwa heshima. Shangazi anavuta ugoro. Anao kwenye kopo dogo la bati ndani ya kanga yake. Anachota kwa vidole viwili, anaingiza puani, anapiga chafya inayotikisa vikombe, anafuta pua kwa vidole vilevile, halafu vidole hivyo, Mungu anione, vinaingia kwenye chungu cha mafuta yangu. Kila asubuhi. Mimi nimekaa pale mkekani nimefunga macho, natabasamu kama mke mwema.

Nilimwambia Valens. Akakuna kichwa.

"Wini, mafuta yale ni ya ng'ombe wa marehemu baba. Nikimwambia anawe mikono kwanza, nimemwambia ni mchafu."

"Lakini ni mchafu."

"Sawa. Sasa nimwambie vipi?"

Kazini mtu huyu anapima vinyesi vya mtaa mzima wa Kicukiro. Nyumbani hawezi kutaja sabuni.

Jumanne, 26 Machi

Mhudumu wa zahanati amekuja kunidunga penisilini. Uchungu wa sindano umepita ule wa jipu.

Alhamisi, 28 Machi

Penisilini haijafanya lolote. Jipu la tatu, kwenye mfupa wa shingo. Wamenipaka dawa ya zambarau. Nimetazama kwenye kioo: nusu bibi arusi, nusu biringanya.

Jumapili, 31 Machi, Pasaka

Kristo amefufuka na mimi nimezikwa.

Baada ya chakula Shangazi alimwita Valens sebuleni. Hakufunga mlango, alitaka nisikie, na ndiyo maana alisema kwa Kiswahili.

"Mimi nimepaka mabibi arusi wengi wa ukoo huu," alisema. "Mama yako mwenyewe nilimpaka. Mafuta yaliingia kwa ngozi yake kama maji ndani ya mchanga. Huyu, mafuta inatoka. Inatoka na usaha. Ng'ombe ya baba yako inamukataa, Valens. Ile damu ya mbali haipatani na ya hapa."

"Shangazi, ni ugonjwa wa ngozi."

"Wewe ndiyo mwenye kupima magonjwa. Pima. Ukipata ugonjwa, niambie jina yake, mimi nitanyamaza. Ukikosa, mama yake akikuja na ile vikapu, hatutafunua mutu. Atachukua mutoto wake, akamuponyeshe kwao. Atakaa kwao mpaka damu itulie."

"Mpaka lini?"

"Mimi iko ng'ombe? Uliza ng'ombe."

Nilingoja mume wangu aseme neno. Nilingoja lile neno moja ambalo mwanamume husema katika nafasi kama ile. Akasema, "Ndiyo, Shangazi," kwa sauti ya mtoto aliyekatazwa kwenda kucheza.

Baadaye akaja kwangu, akaketi kando ya kitanda, akainamisha kichwa mpaka pua yake ikafika shingoni. Nikamsukuma. Mara ya kwanza tangu tuoane. Kisha nikajuta, nikamvuta tena, na akakaa hapo muda mrefu akipumua kwenye zambarau yangu, na sikujua kama nimlilie au nimng'ate.

Mvua haijakatika.

Jumanne, 2 Aprili

Amefanya jambo la kiume hatimaye. Asubuhi alikuja na kijiti chenye pamba, akakigusa ndani ya jipu la begani lililopasuka, akakirudisha kwenye tyubu na kuifunga.

"Nitamwotesha," alisema.

"Nani?"

"Aliyemo humo. Nitampa kisahani chenye chakula na joto usiku mmoja, atazaana, nitamwona."

Alinielezea kwa upole ule uliofanya nimpe ufunguo Mwanza. Vijidudu vya ngozi, akitia rangi na kuvitazama kwa hadubini, vingine hukaa mistari kama shanga zilizotungwa, vingine hurundikana kama vichala vya zabibu. Anafikiri vyangu ni zabibu. Lakini zabibu zenyewe ziko za aina mbili kubwa: kuna mwenyeji mpole anayeishi kwenye ngozi ya kila mtu bila kumdhuru, na kuna mbaya, ambaye Wafaransa humwita wa dhahabu kwa sababu ya rangi yake anapokua kisahanini. Wa dhahabu ndiye anayeleta majipu. Ili kuwatofautisha, anachukua maji ya damu ya sungura, anatia vijidudu kidogo ndani yake na kuviweka kwenye joto. Wa dhahabu hugandisha maji yale kama maziwa mtindi. Mpole hayagandishi.

"Yaani heshima yangu," nikasema, "iko kwenye damu ya sungura."

"Sungura wetu ni mzuri sana. Léonidas anamtolea damu sikioni. Ana mpango wa kumla Krismasi."

Léonidas ndiye mkubwa wake pale maabara.

Alhamisi, 4 Aprili

Siwezi kuandika kwa utulivu, nitaandika hivyohivyo.

Valens alirudi mapema. Siku hizi kila mtu anarudi mapema, kwa sababu ya amri ya kutotembea jioni tangu vita vya kaskazini vianze. Kutoka Kicukiro mpaka huku kuna vizuizi vya askari, na ukichelewa unajieleza kwa watu wasiopenda maelezo. Hakuja shingoni. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, maji yanamdondoka.

Shangazi alikuwa amekaa tayari. "Haya. Jina yake?"

"Ni zabibu," alisema Valens.

"Zabibu ni jina ya ugonjwa?"

"Ni aina ya... Shangazi, nilitia maji ya damu ya sungura jana mchana kabla ya kuondoka. Leo asubuhi nimetazama. Hayakuganda. Ni yule mpole. Wa kawaida. Yuko kwenye ngozi ya kila mtu."

"Ya kila mutu. Hata yangu?"

"Hata yako."

"Na mimi iko na majipu?"

Aurore aliyekuwa akimenya viazi aliacha kumenya.

"Basi si ugonjwa," alisema Shangazi, na hakusema kwa furaha, hilo nitampa. Alisema kama mtu aliyefunga mlango wa zizi. Akatoa kopo lake, akachota, akapiga chafya. "Mama yake akifika, nitazungumuza naye vizuri. Hatutatukana mutu."

Nikatoka chumbani, jambo lisiloruhusiwa wakati wanazungumza mambo ya ukoo, nikasema, "Shangazi, hicho chungu cha mafuta kiko na pua yako ndani yake."

Nilisema. Sikupiga kelele. Nilisema kama ninavyoandika hapa.

Shangazi akamgeukia mpwa wake. "Unasikia mugeni wako?"

Na safari hii nilijua kwamba hakumaanisha bibi arusi.

Ijumaa, 5 Aprili

Hatusemezani. Hajanipaka mafuta. Chungu kiko juu ya kabati kama hakimu.

Jumatatu, 8 Aprili

Jipu la nne, chini ya sikio la kushoto tena, palepale pa kwanza. Hakuna mafuta siku ya nne sasa, na bado limetoka. Sitaki kufikiria maana yake. Kama si mafuta wala si ugonjwa, basi ni damu yangu kweli.

Nimemwambia Valens kwamba kama ninarudi Tabora, ninarudi naye. Akasema, "Bila shaka," akazika pua shingoni mwangu. Nampenda mpaka natamani kumtikisa.

Jumatano, 10 Aprili

Nitamwandika Léonidas hapa kwa wino mzuri, ingawa sijamwona na ingawa anataka kumla sungura.

Leo Valens alikuwa akilalamika kazini kwamba sungura wao hana maana. Léonidas akamuuliza alisoma tyubu saa ngapi. Valens akasema asubuhi, kama kila mara tangu amri ile ianze, maana hawezi kusubiri jioni. Asubuhi ni za malaria na minyoo, vya kuotesha anavigusa mchana, anatia kwenye joto, anakimbilia vizuizi.

Léonidas akaweka kalamu chini. "Valens, wa dhahabu wengine wana tabia mbaya. Wanagandisha mchana, halafu usiku wanayeyusha walichogandisha. Ukija asubuhi unakuta maji. Unasoma baada ya saa chache, siyo kesho. Hili ulifundishwa mpaka Mwanza."

"Nilifundishwa," Valens aliniambia, kichwa mikononi. "Mwanza tulikuwa tunakaa maabara mpaka jioni. Hapa nimezoea kuondoka. Sikufikiri."

Kwa hiyo huenda mtindi wangu uliganda vizuri sana saa ile askari walipokuwa wakifunga barabara, na ukayeyuka hakuna wa kuushuhudia. Ndoa yangu ilikuwa hivyo mezani, ndani ya tyubu, imeganda, na mume wangu yuko njiani anakuja kuninusa.

Sikumgombeza. Nilikaa tu nikimtazama. Nadhani huko kutazama kulimuuma zaidi.

Kesho ataanza na yangu, wa malaria wasubiri.

Alhamisi, 11 Aprili

Imeganda.

Alipindua tyubu juu chini mbele ya Léonidas na haikumwagika. Wa dhahabu. Tena tangu jana kwenye kisahani alimwekea vidonge vya dawa mbalimbali aone anachoogopa: penisilini anaikalia kama kiti. Kloksasilini anaikimbia. Nimeanza vidonge leo.

Valens alimwambia Shangazi akiwa amesimama wima. Jina la ugonjwa, sababu ya kosa, kila kitu. Shangazi alisikiliza akisokota kamba ya kikapu.

"Jana maji, leo mutindi," alisema. "Kesho itakuwa nini, jibini?"

"Shangazi, kosa lilikuwa langu. Nilisoma nikiwa nimechelewa."

"Umechelewa, sasa umefika. Sawa. Iko na jina. Nilisema nitanyamaza, nanyamaza." Akasokota kidogo. "Lakini huyo wa dhahabu ametoka wapi? Ngozi yake ilikuja safi, mimi niliona. Anaishi wapi, huyo?"

Valens alijibu bila kufikiri, kama anavyojibu mitihani. "Puani. Anapenda kukaa puani mwa watu wazima wenye afya. Wao hawaumwi, wanawapa wengine."

Sote tulitazama lile kopo la ugoro. Aurore alianza kukohoa kikohozi cha kuzuia kicheko akakimbilia nje kwenye mvua.

Jumapili, 14 Aprili

Nitaeleza jinsi pua ya shangazi wa mume inavyoombwa.

Haiwezekani. Valens alijaribu Ijumaa, akaishia kuuliza hali ya maharage. Alijaribu Jumamosi, akaishia kupasua kuni. Leo baada ya kanisa nimemwambia: ama unamwomba wewe, ama naomba mimi, na wewe unajua mimi nikiomba inakuwaje.

Akaenda. Nikamsikia: "Shangazi, kuna kitu kidogo. Ni kijiti tu. Hakiumi."

"Kinaingia wapi?"

"Karibu."

"Karibu na nini, Valens?"

Nikatoka. Nimezoea kutoka sasa. Nikapiga magoti mbele yake, kwa sababu nilikuwa nimemkosea juu ya chungu, hata kama nilikuwa na haki, na nikasema, "Shangazi, tutapimwa wote. Mimi, Aurore, chungu cha mafuta, na wewe. Kama yumo kwenye chungu, tutatengeneza mafuta mengine na utanipaka. Kama hayumo, nitaomba radhi mbele ya mama yangu."

Alinitazama shingo, siyo macho. Nafikiri ilikuwa mara ya kwanza aliitazama kama kitu kinachouma.

"Mbele ya mama yako," alisema.

"Ndiyo."

"Na huyu?" Akamnyooshea Valens kidole. "Yeye hana pua? Kila siku naona anaingia, anaiweka mahali. Pima yote. Kama iko mambo ya pua, ya kwake ianze."

Valens alicheka, akasema bila shaka, ya kwake pia.

Jumatatu, 15 Aprili

Asubuhi kabla hajaondoka tulijipanga. Aurore alipiga chafya kwenye kijiti ikabidi kirudiwe. Shangazi alikaa wima, akafumba macho, akashika mkono wa kiti kama anang'olewa jino, na kilipotoka, pamba ilikuwa ya kahawia kwa ugoro. Valens alijipima mwenyewe mbele ya kioo changu.

Jioni akanisimulia yaliyompata kizuizini. Askari alimkuta na tyubu zile kwenye mfuko, akaamuru azitoe. Mvua, matope, bunduki.

"Hii ni nini?"

"Pua, afande."

"Pua ya nani?"

"Hii ya shangazi yangu. Hii ya dada yangu. Hii siyo pua, ni mafuta ya ng'ombe."

Askari alitazama tyubu, akamtazama yeye, akatazama karatasi zake kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika, kwa namna wanavyotazama siku hizi. Kisha akauliza kama kijiti kinaweza kupima na yake, maana ana jipu mahali asipoweza kukalia. Valens akamwelekeza zahanati.

Alisimulia akicheka. Mimi nilishika mkono wake na sikucheka mpaka mwisho.

Jumanne, 16 Aprili

Vinaota. Majipu yanakauka. Nimelala upande wa kushoto.

Jumatano, 17 Aprili

Nilikuwa nimeshaandaa uso. Niliamua kwamba matokeo yakija nitakuwa mpole, nitainamisha macho, sitatabasamu. Nilifanya mazoezi kwenye kioo.

Valens aliingia, hakuvua kofia.

"Chungu," alisema, "hakuna kitu. Mafuta ni safi."

Shangazi aliendelea kusuka.

"Aurore, mpole tu. Wini puani, mpole tu. Shangazi..." Akageuza kofia. "Shangazi, mpole tu. Hakuna wa dhahabu."

Uso wangu nilioandaa haukuwa na kazi tena, na sikuwa na mwingine.

"Basi ni nani?" nikauliza, na wakati nauliza nikaona kile kipele pembeni ya tundu la pua yake, kidogo, chekundu, ambacho nimekuwa nikikipenda tangu Machi.

"Tyubu ya mwisho niliipindua mara tatu," alisema. "Léonidas pia aliipindua. Sungura hana kosa."

Ilichukua muda kufika kwa kila mtu. Kwa Aurore ilifika kwanza. Aliketi chini sakafuni. Kwangu ilifika polepole, kutoka sikio la kushoto, ikashuka begani, ikapita kwenye mfupa wa shingo. Njia yote ile naijua. Kila jipu lilikuwa mahali ambapo mwanamume huyu alivuta pumzi na kusema sasa amefika. Amefika kweli, na hakuja peke yake.

Shangazi aliweka kikapu chini. Nilitegemea anikaripie. Kumbe alikuwa akimtazama Valens kwa namna nyingine kabisa, ya mbali.

"Ulikuwa mutoto," alimwambia. "Kila mvua ya mwezi wa ine, majipu. Matako, kwapa. Nilikuwa nakukamua, unanipiga mateke. Baba yako pia. Na babu, mupaka mugongo yake yote ilijaa. Halafu ulienda shule, nikasahau." Akatikisa kichwa. "Iko ya kwetu, hii."

Kisha akanigeukia. "Wewe hukuleta kitu. Ulikuta hapa."

Nikaanza kuomba radhi juu ya chungu. Akanikatiza kwa mkono.

"Ulisema mbele ya mama yako. Utangoja mama yako."

Shangazi huyu hasahau.

Alhamisi, 18 Aprili

Léonidas hakuwa na marhamu ya puani, imekwisha mji mzima. Amempaka Valens dawa ya zambarau ndani ya matundu mawili ya pua, kutwa mara mbili. Na Shangazi ametoa amri: mpaka kijiti kitakaposema hayumo, pua hiyo haivuki mstari wa mlango wangu. Jioni anaketi kwenye kigoda katikati yetu na kikapu chake.

"Salamu," anasema Valens kutoka kule mlangoni.

"Salamu," nasema.

"Inatosha," anasema Shangazi.

Jumatatu, 22 Aprili

Ameanza kunipaka mafuta tena. Ananawa kwa sabuni kwanza, mbele yangu, kidole kimoja kimoja, huku akinitazama. Sijui kama ni usafi au ni kisasi. Nimefumba macho na kutabasamu.

Valens bado zambarau. Namkosa vibaya mno, na yuko umbali wa kigoda kimoja.

Alhamisi, 25 Aprili

Mama na Mjomba Maneno wamevuka mpaka wa Rusumo. Barabara ni tope.

Jumamosi, 27 Aprili

Mvua ilitupa nafasi tangu asubuhi. Majirani walijaa uani, vikapu vikaingia, Mama akaingia na vitenge vyake vya Tabora na miguu iliyovimba kwa safari, na Shangazi akanitoa chumbani nimefunikwa, akaniketisha, akaondoa kitambaa mbele ya watu wote. Hakunitazama kama mzigo. Alinitazama kama mtu anayetazama alichokipika.

Nilipiga magoti nikaomba radhi juu ya chungu, mbele ya mama yangu, kama nilivyoahidi. Shangazi akapokea kwa kutikisa kichwa mara moja, akaridhika kabisa.

Lakini Mama hakuwa anasikiliza. Alikuwa ameniona shingo. Makovu bado yapo, mafuta yanang'aa juu yake, na zambarau haijatoka yote: doa chini ya sikio la kushoto, doa begani, doa kwenye mfupa.

"Mwanangu niliwapa na shingo safi," alisema, kwa sauti ya kuanzisha kesi. "Hii ni nini?"

Nilifungua mdomo. Shangazi akawahi.

"Mama, usikasirike. Iko majipu ya ukoo wetu. Babu alikuwa nayo, baba alikuwa nayo. Sasa na yeye iko nayo. Hakuna mutu atasema tena yeye si wa hapa."

Mama hakuridhika. Aligeuka kumtafuta mkwewe amwulize yeye. Valens alikuwa ameketi upande wa wanaume kati ya Mjomba Maneno na Léonidas, suti imepigwa pasi, mikono magotini, na matundu mawili ya pua yake yakiwa ya zambarau iliyokolea, kwa sababu alipaka asubuhi na hakufikiri.

Mama akatazama ile pua. Akarudi kwenye shingo yangu, doa kwa doa, kutoka sikioni hadi mfupani. Akarudi kwenye pua. Nyuma yangu nilisikia mwanamke mmoja ameshaelewa, kisha wa pili, kisha benchi zima.

"Kumbe," alisema Mama.

Akaketi, akavua viatu, akaomba maji ya kunywa.